Msimamizi wa Watoto Kumi na Mmoja

Barua ya kazi ilikuwa na mistari minne tu, na ule wa tatu ndio uliomfanya yule binti arudi kukaa kitini. Aliusoma mara mbili, akaugeuza upande wa nyuma wa karatasi kana kwamba huko kungekuwa na maelezo zaidi, kisha akainua macho.

"Samahani, Metroni. Hii barua si ya mtu mwingine?"

"Jina ni lako?"

"Ni langu. Lakini mimi ndiyo kwanza nimemaliza chuo."

"Najua. Cheti chako nimekishika jana, karibu wino wake unichafue vidole."

Metroni ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi wote wa hospitali ile. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye gauni jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama yenyewe. Viatu vyake vilimtangulia: ko, ko, ko kwenye korido, na waliousikia mlio ule walijiweka sawa, wagonjwa nao wakiwemo. Alimweleza yule binti mambo yalivyokuwa, bila kuzunguka. Agizo jipya lilikuwa limetoka kwamba kila wadi iongozwe na muuguzi mwenye shahada. Hospitali nzima ilikuwa na wenye shahada watatu. Wawili walishakuwa na wadi zao.

"Wa tatu ni wewe," alisema. "Usidhani nimekuona una nyota kichwani. Wadi ya watoto njiti iko ghorofa ya pili, mkono wa kushoto. Anza kesho saa moja kasoro robo."

Nyumbani, mama yake, aliyekuwa fundi cherehani, alicheka huku machozi yakimtoka, akamkamata mabega na kuanza kumpima gauni jipya papo hapo, futi shingoni. Baba alikuwa dereva wa malori kwa miaka thelathini, na sasa mgongo ulikuwa umemweka nyumbani. Aliisoma ile barua polepole, akaikunja.

"Mimi nilikaa utingo mwaka mzima kabla sijagusa usukani," alisema. "Wewe wamekurushia funguo tu, lori limeshapakiwa, na liko mlimani."

"Baba, usimtishe mtoto."

"Simtishi. Namwambia ashike breki kwanza, mambo ya honi baadaye."

Wadi yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na dirisha kubwa la kioo. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kina mama kupumzikia: vitanda, viti vya plastiki, bomba la kunawia na sabuni iliyofungwa kamba isitembee. Cha pili kilikuwa cha watoto. Binti aliusukuma mlango wake asubuhi ile, joto likamlaki usoni, na miguu ikagoma kuendelea.

Walikuwa kumi na mmoja. Wengine walilala ndani ya inkubeta, yale masanduku ya kioo yanayotia joto, wengine chini ya taa za kupasha, wote wakiwa wamezaliwa kabla ya siku zao. Mdogo kuliko wote alikuwa na gramu mia tisa, uzito wa pakiti ya sukari ambayo watu wameshaanza kuichota. Ngozi yake ilikuwa nyembamba mpaka mishipa ilionekana kama mistari ya kalamu. Mkono wake mzima ungepita ndani ya pete ya mama yake hadi begani. Alikuwa akipumua, anasahau, halafu anakumbuka. Muuguzi aliyepita karibu alimgusa unyayo kwa ncha ya kidole, bila hata kusimama, na mtoto akavuta pumzi.

Chuoni alikaa wadi kama ile siku mbili tu, nyuma ya wanafunzi wenzake ishirini, akiona zaidi visogo vyao kuliko watoto. Sasa hakukuwa na kisogo cha mtu mbele yake. Alisimama pale akiangalia kifua kile kisichozidi upana wa vidole viwili, kikipanda na kushuka. Alisahau kabisa kwamba yeye ndiye mkubwa wa chumba kile.

"Ukishamaliza kushangaa, nikukabidhi," sauti ilisema nyuma yake.

Huyo ndiye Sista Sindano. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni na viatu vya raba visivyotoa sauti. Alikuwa amefanya kazi wadi ile miaka ishirini na sita, akiwa na cheti cha zamani. Kwa miaka sita ya mwisho aliikaimu nafasi ya usimamizi bila barua. Jina lake la utani wengine walisema lilitokana na mikono yake, ambayo ingeweza kuuona mshipa wa mtoto hata gizani. Wengine walisema lilitokana na ulimi wake.

"Funguo hizi. Ya kabati la dawa ni yenye uzi mwekundu. Hizi nyingine sijui za nini, nami nilizikuta." Akazitia mkononi mwa binti. "Karibu sana."

Hakukuwa na chuki katika sauti yake. Hilo ndilo lililomuumiza yule binti kuliko kama angenuniwa.

Kufikia saa nne, wadi nzima ilikuwa ikimwita Digrii, na sisi tumwite hivyo hivyo. Mwanzoni walimwita nyuma ya mgongo. Wiki ya pili walimwita usoni, naye akaitika, maana kukasirika kungelifanya jina linate zaidi.

Wiki zile za kwanza hazikumpendeza hata yeye mwenyewe. Alijaribu kumtundikia mtoto dripu, akamchoma mara tatu bila kuupata mshipa, mtoto akafungua kinywa kulia na sauti isitoke. Sista Sindano akaja, akauinua mkono ule mdogo, akaupulizia hewa ya moto kama anayepangusa miwani, akachoma mara moja tu. Digrii alikwenda stoo, akasimama kati ya maboksi ya pamba mpaka macho yakakauka.

Kisha ikaja ratiba ya zamu. Aliitengeneza kwenye kompyuta, kwa rangi tatu, akaibandika ukutani saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne ilikuwa imeshakufa: wauguzi wawili wageni kabisa alikuwa amewaweka zamu moja peke yao, na mmoja mwenye mimba kubwa amempa zamu tano mfululizo. Sista Sindano aliisoma, miwani kwenye ncha ya pua.

"Nzuri," alisema. "Ungetuchorea na maua pembeni."

Lakini kulikuwa na jambo moja Digrii aliliona, ambalo wengine hawakuliona kwa sababu walikuwa wamelizoea. Wadi nzima ilikuwa ndani ya kichwa cha Sista Sindano. Mtoto yupi husahau kupumua akilazwa chali, yupi hutapika akilazwa ubavu wa kushoto, mama yupi bado hawezi kutembea, baba wa nani hufika getini saa tatu na kusubiri mpaka saa saba wafunguliwe. Hakuna lililoandikwa. Siku moja aliyopumzika, wauguzi walizunguka kama watu waliozimiwa taa ndani ya nyumba ya wenyewe.

Basi Digrii alinunua daftari gumu, akaanza kumfuata. Alimpa kila mtoto ukurasa wake.

"Unaniandikia wosia?" Sista Sindano alimuuliza.

"Naandika ulichonacho kichwani."

"Utahitaji madaftari, siyo daftari."

Hata hivyo alipunguza mwendo kidogo, na akaanza kusema mambo kwa sauti.

Sasa ikafika Jumanne ya wiki ya nne. Ilikuwa ile miezi ya baridi, na manyunyu yalikuwa yameanza tangu alfajiri. Saa nne na dakika kumi asubuhi kitu kililipuka nje, upande wa barabara, kwa mshindo uliotikisa vioo. Ilikuwa transfoma. Taa zikazima, na mashine zote, ambazo mlio wao mtu aliacha kuusikia baada ya siku mbili, zikanyamaza kwa pamoja. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko ule mshindo.

Walisubiri jenereta. Kwa kawaida ilichukua nusu dakika. Dakika ikapita, ya pili ikapita. Fundi umeme wa hospitali akapanda ngazi mbili mbili, mafuta meusi mpaka viwikoni.

"Pampu yake imekufa," alisema. "Nimempigia mwenye vipuri. Tuseme muda wa saa tatu. Inaweza kuzidi."

Digrii alitazama kipimajoto cha ukutani. Chumba kilikuwa kimeshaanza kupoa. Mtoto wa ukubwa ule hana mafuta mwilini ya kumtia joto. Akipoa, pumzi inachoka, sukari inashuka, na baada ya hapo huwa ni kuhesabu dakika. Aligeuka kumtafuta Sista Sindano, na alipogeuka, mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mkunga wa chumba cha kujifungulia akaingia na mtoto ndani ya shuka, rangi ya bluu, hana pumzi.

Sista Sindano alikuwa ameshampokea kabla mkunga hajamaliza sentensi. Alimlaza kwenye meza ya karibu na dirisha penye mwanga, akamfunika kwa mwili wake, akamvisha barakoa ndogo usoni na kuanza kuukamua ule mfuko wa kupulizia hewa mapafuni. Kamua, achia. Kamua, achia. Hakuinua kichwa.

"Digrii."

"Naam, Sista."

"Mimi sitoki hapa. Huyu ameshanipata. Hao kumi na mmoja ni wako."

Daktari wa watoto alikuwa chumba cha upasuaji, ambako mgonjwa alikuwa ameshapasuliwa mezani. Digrii baadaye alisema kwamba kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano alitamani sana kuwa mtu mwingine, mahali pengine, anauza vitambaa. Halafu akajikuta anasema, kwa sauti ambayo hakujua anayo.

Alimtuma muuguzi mrefu wa zamu ile chumba cha upasuaji akavute mtungi wa oksijeni, kwa ajili ya watoto watatu waliokuwa wakitumia mashine. Akamwambia yule mwenye mimba akusanye kofia, soksi na kila kitambaa kikavu. Kisha akaingia chumba cha kina mama, daftari mkononi.

"Mama zangu, umeme umekatika na hautarudi sasa hivi. Joto lililobaki ni lenu. Naweni mpaka kwenye viwiko, fungueni vifua. Kila mtu na wake."

Hawakuuliza swali. Walikuwa saba. Wakanawa, wakaketi mmoja mmoja kwenye vile viti vya plastiki, na Digrii na mwenzake wakawaletea watoto: wamevuliwa, wamevikwa kofia na nepi tu, wakalazwa wima kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kisha wakafungwa kwa kanga na mashuka juu yake. Mama mmoja kijana, aliyekuwa akiogopa hata kumgusa wake kwa kidole, alipowekewa alishusha pumzi ndefu, akafumba macho.

Wakabaki wanne. Alifungua daftari. Wa kwanza na wa pili, mama zao walikuwa wadi ya upasuaji, hawawezi kuinuka. Wa tatu, mama yake ana homa kali, ametengwa. Wa nne, mama yake alifariki siku ya kujifungua, na ndugu walikuwa bado safarini. Lakini kwenye kurasa za wale watatu wa kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika nani huja, na saa ngapi. Alishuka ngazi akikimbia.

Nje ya geti, chini ya kibanda cha mabati, watu walikuwa wanasubiri saa saba. Mlinzi alikuwa mtu mzima, mwenye koti la mvua lililomzidi.

"Fungua, tafadhali. Nahitaji watu watatu."

"Saa ya kuona wagonjwa bado, sista."

"Najua. Fungua."

"Kwa amri ya nani?"

Ndilo swali alilokuwa akilikimbia wiki nne nzima. "Yangu," alisema. "Mimi ndiye msimamizi wa wadi ya njiti."

Mlinzi alimtazama: gauni jipya la mama yake, mvua usoni, pumzi juu juu. Akampa kitabu chake cha wageni na kalamu. "Andika." Akaandika, akatia sahihi, mistari ikalowa. Mlinzi akalivuta geti.

Aliwaita kwa kazi zao na watu wao, kama alivyokuwa amewaandika: baba fundi ujenzi, baba kinyozi, na bibi wa mama mmoja msichana aliyelazwa wadi ya upasuaji. Wote watatu walipanda ngazi nyuma yake bila kujua wanaitiwa nini, na kila mmoja alishaamua kwamba ni habari mbaya.

Fundi ujenzi ndiye aliyekuwa baba wa yule wa gramu mia tisa, ambaye sasa alishafika elfu moja na hamsini. Alinawa mara ya kwanza, akanawa mara ya pili, akaomba brashi. Saruji ilikuwa imekaa kwenye mistari ya viganja vyake kwa miaka.

"Sista, hii ni mikono ya matofali," alisema. "Nitamvunja."

"Mikono ipumzike, baba. Sisi tunataka kifua."

Alivua shati. Alikuwa mtu wa mabega mapana, na alipoketi, kiti kile kililia. Digrii alimlaza mtoto juu yake, akawafunga pamoja. Yule baba aliacha kabisa kutikisika. Kwa siku zaidi ya ishirini alikuwa amemwona mwanawe kupitia kioo tu, maana hospitali haikuwa na desturi ya kuingiza kina baba. Alitazama chini, kwenye kofia ile ndogo, akainamisha kidevu mpaka kikaigusa.

Akabaki mmoja. Digrii alimpima: thelathini na tano nukta tatu. Alikuwa anashuka. Aliangalia chumba chote. Wauguzi wake wawili walikuwa kwenye mtungi wa oksijeni na kwenye mirija ya maziwa. Sista Sindano bado anakamua. Digrii mwenyewe aliweka kidole kwenye kifungo cha kwanza cha gauni lake, na hapo hapo akaona: akiketi, hakuna atakayewaona wote. Akakitoa kidole. Hilo lilimgharimu kuliko geti.

Ko, ko, ko.

Metroni alisimama mlangoni. Aliwaona wanaume wawili vifua wazi ndani ya wadi ya watoto njiti, akamwona bibi kizee amefungwa shuka, akaona mlango wa chumba cha joto uko wazi.

"Nani ameruhusu watu hawa kuingia humu?"

"Mimi, Metroni."

Akafungua ukurasa wa mtoto wa mwisho.

"Na kuna mmoja hana mtu," Digrii aliendelea, kwa haraka, kabla ujasiri haujaisha. "Mama yake alifariki. Joto lake linashuka. Wauguzi wangu wana kazi, na mimi siwezi kukaa."

Metroni alimtazama, akamtazama mtoto. Kisha akafungua saa ya mkononi, akaiweka dirishani. Akatoa kitambulisho kifuani. Akavua vile viatu, akaviacha ukutani, akaenda bombani kwa soksi na kunawa jinsi anavyonawa mtu aliyefundisha wengine kunawa kwa miaka ishirini. Akaketi kiti cha mwisho, akageukia ukuta, akafungua vifungo.

"Mlete," alisema. "Na unifunge vizuri, nisishike."

Ndipo kazi ya Digrii ilipoanza hasa, nayo ilikuwa ya kutembea na kutazama. Kila robo saa alipita na kipimajoto, kutoka kiti hadi kiti, akiandika kwenye daftari. Aliangalia midomo ina rangi gani, miguu ina joto gani, nani amechoka, nani anahitaji maji. Na namba zikaanza kumshangaza. Mtoto wa fundi ujenzi: thelathini na tano nukta sita. Robo saa baadaye: thelathini na sita kamili. Kisha nukta nne. Kisha nukta saba, ambayo hakuwahi kuifikia ndani ya inkubeta tangu Digrii aanze kazi. Wa Metroni akapanda polepole, kwa ukaidi, mpaka naye akafika. Na yule wa fundi ujenzi, aliyekuwa akisahau kupumua, alikuwa hajasahau hata mara moja, kana kwamba kifua kilicho chini yake kilikuwa kinamkumbusha.

Mambo hayo aliyajua. Aliyasoma kitabuni, kwenye mtihani aliulizwa, akapata alama zote. Sasa alisimama katikati ya chumba, mvua ikigonga madirisha, na watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa kimya kwa duara, hakuna anayeongea wala kukohoa, kila mmoja ameinamisha kichwa kwenye kitu kidogo kuliko mkate. Mama wa nyumbani, kinyozi, bibi mwenye goti bovu, mkuu wa wauguzi miguu chini bila viatu. Vifua vikubwa vilipanda na kushuka, na vile vidogo juu yake vilienda kwa mwendo wao wa haraka, na umeme haukuwepo popote, na watoto walikuwa na joto. Aliona kama ameingia bila kubisha mahali ambapo watu huvua viatu.

Dirishani, mlio wa mfuko ule ulikoma.

Digrii aligeuka. Sista Sindano alikuwa ameinama, sikio karibu na mdomo wa mtoto. Kwa muda wa saa moja na robo alikuwa amekamua bila kubadilishana na mtu. Yule mtoto alikunja uso, akatoa sauti ya mlango unaohitaji mafuta, kisha akalia.

"Ehe," Sista Sindano alisema. "Huyu ameamua."

Mama wa mtoto yule alikuwa bado anashonwa. Sista Sindano alivuta kiti kwa mguu, akaketi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kazini, akamtia mtoto ndani ya gauni lake na kumfunika. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, havikunjuki. Alimtazama Digrii juu ya miwani.

"Unasimama vizuri," alisema. "Wengine wangeshakaa."

Umeme ulirudi saa saba na dakika arobaini. Taa zikawaka, mashine zikaanza kulia moja baada ya nyingine, mapazia yakaonekana rangi yake. Hakuna aliyeinuka. Bibi wa goti bovu ndiye aliyenong'ona, "Tuwarudishe?"

"Kaeni kwanza," Digrii alijibu. "Masanduku yapate moto."

Yalipata moto baada ya dakika kumi. Aliwaacha wakae nusu saa nyingine, na Metroni, ambaye angeweza kusema neno, hakulisema.

Ingependeza hadithi kuishia hapo, lakini siku sita baadaye yule mtoto wa fundi ujenzi alipata maambukizi kwenye damu, na ndani ya siku moja na nusu akafariki. Digrii hakula. Alirudia daftari, akatafuta nani alinawa vipi, nani alipita wapi, mlango ulikaa wazi dakika ngapi. Alimfuata daktari, akamuuliza waziwazi kama ni yeye aliyemuua kwa kuingiza watu.

"Maambukizi haya huwapata hata wasiowahi kutolewa kwenye kioo," daktari alisema. "Sitakudanganya kwamba najua yalitoka wapi. Ninachojua ni kwamba siku ile, bila hao watu, tungewapoteza wanne au watano kabla ya saa nane."

Maneno yale yalimsaidia nusu. Nusu nyingine alibaki nayo, na Sista Sindano, alipoulizwa, alimwambia tu kwamba hata yeye anazo nusu zake, na ni nyingi.

Baba yule alikuja kuchukua vitu: kofia, soksi, kadi. Digrii alimpa mwenyewe, kimoja kimoja. Fundi ujenzi ndiye aliyesema.

"Siku zote zile nilikuwa namwona kama picha ya mtu. Halafu nikapata saa tatu na zaidi." Aliweka kidole kifuani, chini ya mfupa wa shingo. "Alikuwa ananikuna hapa. Zile kucha, sista. Hata hazionekani, lakini nilizisikia."

"Nilimwona," Digrii alisema.

"Na mama yake ukamleta kwake kwa kiti cha magurudumu, siku tano. Anasema hivyo hivyo, anamsikia bado." Alikunja kofia ile, akaitia mfukoni mwa shati. "Wale wengine, baba zao bado wanasimama nje?"

"Bado."

Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Jioni ile ile Digrii aliandika ukurasa mmoja, kwa mkono, bila rangi, akampelekea Metroni. Aliomba kina baba na walezi waingie wadi ya njiti kila siku, saa tatu hadi saa sita, wanne kwa zamu, baada ya kukaguliwa mikono na afya, wawabebe watoto wao kifuani. Metroni alisoma akiwa amesimama. Alikata neno moja, akaongeza mstari kuhusu kikohozi, akauliza nani atakagua mikono.

"Sista Sindano amekubali."

"Basi hao kina baba wana kazi," Metroni alisema, akatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu kasoro dakika tano, kulikuwa na foleni kwenye bomba la ghorofa ya pili. Kinyozi alikuwa wa kwanza, amekuja na taulo yake. Nyuma yake dereva, karani, na mjomba wa yule asiyekuwa na mama, aliyefika mwisho wa juma na bado alikuwa na vumbi la safari kwenye viatu. Sista Sindano alikuwa amesimama mwanzo wa mstari, akigeuza viganja vyao upande huu na upande ule. Karani alirudishwa kunawa upya, akaenda bila kubisha. Digrii alifungua mlango wa chumba cha joto, akampisha kinyozi apite, na kinyozi akaingia kwa ncha za vidole vya miguu, akiwa ameshaanza kufungua vifungo.